Kichwa cha Mena

Bondeni kwetu Uri, sahani ikivunjika ni Mzee. Mke na mume wakinuniana ni Mzee. Ng'ombe akimpiga teke mkamuaji, fundi akikata ubao ukapungua, padri akisahau mahubiri katikati, wote tunatazama milima ya kusini na kutikisa vichwa: Mzee huyo. Mzee ni upepo. Anapanda milima kwa upande wa pili, anamwaga mvua yake yote huko kwa wenzetu, kisha anatushukia sisi akiwa mkavu na wa moto, na kasi ya kung'oa mabati. Tunamwita Mzee kwa sababu alikuwepo hapa kabla ya ukoo wowote, na kwa sababu haji kwa kukaribishwa wala haondoki kwa kufukuzwa.

Mimi ni Wendelin Gisler, Wendel kwa kila mtu. Naendesha kibanda cha waya cha kijiji cha Balmried, sanduku la watu wanane linaloning'inia kwenye waya wa chuma kutoka nyuma ya kanisa hadi malisho ya Oberwängi. Mzee akivuma sipandishi mtu, hata aje askofu. Kwa hiyo upepo ni kazi yangu, kama ulivyo kazi ya binti yangu Judith, isipokuwa yeye ameusomea na mimi nimeuzeekea.

Judith ni mtaalamu wa hali ya hewa. Anachunguza jinsi tabianchi ya milima yetu inavyobadilika, na hasa kama Mzee naye anabadilika: kama siku hizi anawahi, kama anashuka mara nyingi kuliko zamani, kama anakaa sana. Ana vipimo mahali patatu, juu kabisa upepo unapovuka mlima, Oberwängi, na chini nyuma ya shule. Kila kipande cha vyuma hivyo nilikipandisha mimi, na kila kipande kilinikwaruzia sakafu ya kibanda. Sikulalamika. Yaani nililalamika, lakini nilipandisha.

Jirani yetu Ambros Zgraggen ndiye mkuu wa walinzi wa moto. Kijiji chetu ni cha mbao, na enzi za babu wa babu yangu kiliungua chote siku moja ya Mzee, tangu cheche ya kwanza hadi nyumba ya mwisho kabla ng'ombe hawajamaliza kufunguliwa. Tangu hapo, Mzee akishuka, Ambros anatundika ubao mwekundu mlangoni pa stoo ya zimamoto, na ubao ukiwa juu hakuna moto. Siku hizi sheria inakataza moto wa nje tu, lakini sisi wa nyumba za zamani hatuwashi hata jiko la kuni. Tunakula mkate, jibini na soseji kavu mpaka ubao ushuke. Mke wangu Mena alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko Ambros mwenyewe. Siku moja ya ubao nilitaka kujipashia kahawa tu, akanitazama kama niliyetaka kuchoma kanisa.

Ambros hakuwa na haja ya vipimo. Alikuwa na goti.

"Hebu niambie, daktari wa upepo," alikuwa akimchokoza Judith, "hizo mashine zako zinaweza kuumwa goti?"

"Goti lako halina ugonjwa wa upepo, Ambros. Lina ugonjwa wa bia."

"Bia inaingia tumboni, mtoto wangu. Hukufundishwa huko chuoni?"

Na Mena alikuwa na kichwa. Mzee alikuwa hajashuka bado, majani hayatikisiki, na yeye tayari anajua. Unamkuta kwenye benchi la jikoni karibu na jiko, vidole viwili kwenye paji la uso, macho yamefumbwa. "Wendel, Mzee yuko njiani," anasema. Na mara nyingi kweli, kesho yake au jioni ile ile, Mzee huyo anagonga madirisha. Wanawake wengi wa bonde letu wana kichwa cha namna hiyo. Wanaume pia wanacho, ila wao wanasubiri waulizwe. Lakini cha Mena kilizidi vyote, na kilizidi zaidi tangu tubadilishe madirisha ya zamani tukaweka haya mapya mazito, yasiyopitisha hata pumzi. Alisema nyumba imekuwa nzuri ila Mzee amekasirika. Mimi mwenyewe Jumapili, siku ya kushinda nyumbani, kichwa kilikuwa kikinigonga, lakini Jumapili nina divai ya kuisingizia.

Sasa Judith, katika uchunguzi wake, akataka kujua jambo ambalo bonde zima halijawahi kulitilia shaka. Je, ni kweli Mzee anaumiza vichwa? Kwa majira mawili ya baridi alikuwa akiwapigia watu simu kila asubuhi. "Habari za asubuhi, kichwa vipi leo?" Watu walipenda sana. Nani mwingine ulimwenguni anakupigia simu kuuliza kichwa chako? Mena alikuwa wa kwanza kukubali. Nilimsikia akimweleza binti yake kwa fahari: leo kinaanzia hapa, kinazunguka hadi hapa nyuma, kama kofia ya chuma. Nadhani hawakuwahi kuongea vizuri vile, hata Judith alipokuwa mdogo. Judith ni mtoto wa maswali na mama yake ni mtu wa kufanya kazi huku amefunga mdomo, na simu ile ikawapa kitu cha kuzungumza.

Kisha Judith akatuita wote kwenye ukumbi wa hoteli ya kijiji atueleze alichopata. Ukumbi ulijaa. Aliongea vizuri, nilijivuna. Akaonyesha michoro ukutani, akaeleza kwamba Mzee sasa anawahi, kwamba theluji ya chini haitakaa tena kama ilivyokaa utotoni mwetu. Watu waliitikia kwa vichwa, maana hilo kila mwenye ng'ombe alikuwa ameliona. Ndipo akafika kwenye vichwa.

"Vichwa vyetu na Mzee havina uhusiano," alisema. "Vinauma siku zake na vinauma siku zisizo zake." Watu wakaguna, akataka kuwachekesha. "Kuna mama mmoja hapa aliyelalamika kuliko wote. Siku ambazo Mzee alikuwa anavuma kweli, huyo mama alikuwa mzima kabisa. Alikuwa anaumwa siku Mzee amelala!"

Wakacheka. Ambros alicheka mpaka akapiga meza. Judith hakutaja jina, na hakuhitaji, kwa sababu kila mtu bondeni alijua kichwa cha nani ndicho kikubwa kuliko vyote. Watu wote wakageuka kumtazama Mena. Mena akatazama mikono yake. Aliondoka kabla ya keki.

Judith aliomba msamaha kesho yake, na keshokutwa, na tena. Mena akamwambia hakuna cha kusamehe, na akamkatia kipande cha mkate. Lakini tangu siku ile kichwa kile kilifungwa kwa Judith. Akiuliza, "Mama, unajisikiaje?" jibu ni moja tu, "Sina kitu." Huku mimi naona paji limekunjamana. Majira mawili mengine ya baridi yalipita hivyo. Waliongea habari za supu, za makaburi ya kusafisha, za majirani. Binti yangu alikuwa akinitazama juu ya kichwa cha mama yake kama mtu aliyeshikilia kitasa cha mlango uliofungwa kwa ndani, na mimi sikuwa na ufunguo wa kumpa.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mwezi wa pili. Baridi ilikuwa imetuama bondeni siku kadhaa, nyumba zinafuka ukungu mwembamba wa moshi, na jua likichelewa kuvuka jabali. Nilipoamka Mena alikuwa tayari kwenye benchi, jiko linanguruma, sufuria ya wali na liki, kile kitunguu cha majani marefu, iko juu tayari kwa mchana.

"Anakuja," alisema. "Leo kichwa kinanipasuka, Wendel. Hata tumbo linachafuka."

"Judith yuko njiani, anapanda kukagua vipimo. Mwambie."

"Nimwambie nini? Nimpe tena cha kuchekesha ukumbini?"

"Mena, hiyo imeshapita."

"Kwako imepita."

Judith akaingia, pua nyekundu kwa baridi, akambusu mama yake mara tatu kama tunavyosalimiana. "Mama, hujambo? Umelala vizuri?"

"Sina kitu. Kunywa kahawa."

Judith akamtazama, akanitazama mimi, akanywa kahawa. Nikampandisha Oberwängi. Pale katikati, kibanda kilipotoka kwenye ubaridi wa chini na kuingia juani, madirisha yakayeyusha barafu yake mara moja na tukalazimika kufungua makoti. Huko juu kulikuwa na joto. Alisema, "Umeona, Baba? Mzee yuko hapa juu tayari. Bado hajapata njia ya kushuka. Ile baridi imemziba." Nikamwacha na mkoba wake wa vyombo, nikashuka.

Baadaye kidogo Ambros akaja, anataka kupanda kuangalia paa la kibanda chake cha malisho kabla Mzee hajalichukua. Nikamuuliza kama ubao unawekwa leo.

"Goti linasema kesho," alisema. "Mashine za binti yako zinasema nini?"

"Zinasema yuko juu."

"Basi goti na mashine wamepatana. Nitakufa mwaka huu."

Nikamfungia mlango, nikawasha mtambo, akaondoka akinipungia kofia. Kibanda kilikuwa kimefika juu ya korongo, pale waya unapokuwa mbali zaidi na ardhi, simu ya kituo ilipolia. Ni simu ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, inaunganisha kituo cha chini na cha juu tu.

"Baba." Sauti ya Judith haikuwa sauti yake. "Mama yuko wapi?"

"Nyumbani. Kwani vipi?"

"Nimempigia, hapokei. Nimepiga mara nyingi. Jiko linawaka?"

"Anapika."

"Nauona moshi wetu kwa darubini kutoka hapa, Baba. Haupandi. Nyumba nyingine moshi umelala lakini unatoka. Wetu unachungulia kwenye dohani halafu unarudi ndani, mwingine unateleza juu ya paa kwenda bustanini. Hewa haitaki kupanda leo, na madirisha yenu hayaingizi pumzi. Baba, ile sumu ya jiko haina harufu. Kimbia. Fungua kila kitu. Kimbia sasa hivi!"

Katika kazi yangu kuna sheria moja ambayo hata mlevi anaijua: huondoki kwenye mtambo mtu akiwa kwenye waya. Miaka yote ile sikuwahi hata kwenda kujisaidia. Nilimwona Ambros pale juu, doa jeusi ndani ya sanduku. Kumfikisha kungekula dakika ambazo sikuwa nazo. Nikashusha breki, kibanda kikasimama kikiyumba juu ya korongo, nikatoka mbio.

Kutoka kituoni hadi kwetu si mbali, lakini ni mteremko wa barafu na mimi si kijana. Nilianguka mara mbili, au zaidi, sikumbuki. Nilichokumbuka njiani ni ujinga tu. Niliwaza kwamba liki itaungua. Niliwaza kwamba Mena atanigombeza kwa kuingia na viatu.

Hakunigombeza. Alikuwa amelala chini kati ya benchi na meza, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni, simu yake ikilia juu ya kabati. Jikoni kulikuwa na harufu ya chakula kizuri, hakuna kingine, hakuna moshi, hakuna chochote ambacho mtu angekiogopa. Kwapani nikamshika, nikamburuta. Mena ni mwanamke mwenye mwili, Mungu ambariki, na siku ile alikuwa na uzito wa watu wawili. Miguu yangu ikaanza kulegea pale pale jikoni, nikaelewa kwamba nisipotoka tutabaki wote. Nikatoka naye mlangoni kinyumenyume, tukaanguka juu ya theluji. Nikaita jina lake nikilia. Nililia kwa sauti, sioni haya kusema. Mama anayefanya kazi posta akasikia, akapiga simu kuomba gari la wagonjwa.

Mena alikuwa anapumua. Kidogo, kwa kukoroma, lakini anapumua. Nikamwekea koti langu, nikamsugua mikono, nikamwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia tangu tuoane na mengine ambayo nilimwambia kila siku bila kufikiri. Gari la wagonjwa lilipofika wakamfunika mdomo na pua kwa barakoa ya oksijeni, wakambeba.

"Unapanda naye?" aliniuliza mmoja wao.

Nikageuka kutazama juu. Kibanda kilikuwa bado kinaning'inia, na Ambros ndani yake. Juu zaidi, kwenye ukingo wa Oberwängi, nilimwona mtu mdogo amesimama. Binti yangu alikuwa ameona kila kitu kwa darubini yake, mlango ulivyofunguka, mimi nikitoka kinyumenyume, mama yake akilala kwenye theluji, na asingeweza kushuka, kwa sababu njia pekee ya kushuka ilikuwa imesimamishwa na baba yake. Nilipunga mikono yote miwili juu ya kichwa. Sikujua nampa ishara gani. Nilitaka tu ajue mama yake yu hai.

"Nendeni," niliwaambia. "Nakuja."

Sijawahi kufanya jambo gumu kama kurudi kituoni siku ile. Nikaachia breki, nikampandisha Ambros hadi juu, Judith akaingia, nikawashusha wote wawili. Nilitarajia matusi ya Ambros. Alikuwa ameganda midomo. Akavua kofia, akanishika bega.

"Nilikuona unakimbia," alisema. "Nikajua si jambo dogo. Nimesali sala zote ninazozijua, Wendel, mpaka za mavuno."

"Nisamehe, Ambros."

"Nenda kwa mkeo, mtu wewe. Nitakutukana siku nyingine."

Judith ndiye aliyeendesha gari. Alikuwa ameacha glavu huko juu, vidole vimekuwa vyeupe kwenye usukani. Tulipotoka kijijini akaanza kusema, na hakunyamaza tena.

"Siku za kuamkia Mzee, Baba. Kichwa chake kilikuwa kinauma siku za kuamkia Mzee. Huku chini baridi imetuama, huko juu Mzee ameketi kama kifuniko cha sufuria, na moshi hauna pa kwenda. Mzee akishuka anafagia bonde lote, hewa inakuwa safi. Na tena Ambros anaweka ubao, Mama hawashi jiko. Ndiyo maana siku za Mzee alikuwa mzima. Mimi nilisimama pale mbele ya watu nikasema siku za Mzee ni mzima, na sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa nalo jibu mkononi nikalifanyia mzaha."

"Hukujua."

"Nilikuwa najua kila kitu! Nilijua baridi iko wapi, nilijua joto liko wapi, nilijua anaumwa siku gani. Niliuliza kama ni Mzee, nikapata kwamba si Mzee, nikafunga duka. Sikuuliza ni nini. Alikuwa ananieleza kila asubuhi, Baba. Kwa simu. Mpaka nikamnyamazisha mwenyewe."

Nilitaka kumwambia jambo la kumtuliza, na nilikuwa nalo moja, kwamba asingepanda siku ile, asingejua kusoma moshi, ningerudi mchana kula wali na liki nikamkuta mke wangu baridi. Nikamwambia. Sijui kama alinisikia. Alikuwa analia huku anaendesha vizuri sana, kama anavyofanya kila kitu.

Hospitali walituweka kwenye korido. Daktari alikuja, mwanamke mfupi mwenye viatu vya plastiki, akatuambia kwamba sumu ile imemwingia Mena sana, kwamba imekuwa ikimwingia kidogo kidogo kwa muda mrefu, na kwamba wanamsafisha damu kwa oksijeni. Ataishi. Lakini kuhusu kumbukumbu, kuhusu mikono na miguu, alisema lazima tusubiri. Akauliza nani aligundua.

"Yeye," nilisema. "Kutoka mlimani."

Daktari akamtazama Judith kwa heshima. Judith akatazama sakafu. Nilifahamu alichokuwa anakiogopa, kwa sababu mimi nilikuwa nakiogopa hicho hicho. Hakuogopa tena kwamba mama yake atakufa. Aliogopa kuingia chumbani, kuuliza, na kujibiwa yale yale.

Tukaingia. Mena alikuwa mdogo kitandani kuliko nilivyomzoea, barakoa imemfunika nusu ya uso, nywele zimemlowa. Macho yalifunguka. Yalinitazama mimi kwanza, yakanitambua. Kisha yakahamia kwa Judith, yakakaa hapo muda mrefu.

Binti yangu alisimama mbali na kitanda kama mgeni. Alikunja vidole, akavikunjua. Nikaona anatafuta swali lingine, swali lolote, na halipati.

"Mama," alisema mwisho. "Unajisikiaje?"

Jibu nililijua, nilikuwa nimelisikia kwa majira mawili ya baridi mezani kwangu, na niliona kwamba likitoka tena leo, litabaki daima. Mena akainua mkono kwa taabu, akaisogeza ile barakoa pembeni. Muuguzi akataka kumzuia, nikamshika mkono yule muuguzi.

"Kichwa," alisema Mena. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyekunywa mchanga. "Kichwa kinaniuma, Judith. Kinaniuma sana."

Judith akasogea. "Wapi, Mama?"

"Hapa. Kinazunguka mpaka huku nyuma." Akaushika mkono wa binti yake, akauvuta, akauweka juu ya paji lake.

Judith hakuuliza kimeanza lini. Hakuuliza kama ni kile cha kawaida au kingine. Alipiga magoti kando ya kitanda, akaegemeza uso kwenye shuka, na mkono wake ukabaki pale ulipowekwa.

"Nakuamini, Mama," alisema, sauti ikipotelea kwenye shuka.

"Una mkono wa baridi," alisema Mena, akafumba macho. "Usiutoe."